Kikohozi cha Fundi Mviringo

Fundi Mviringo alianza kukohoa akiwa na miaka hamsini na minne, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, hakukohoa ovyo. Alikohoa nyumbani tu. Kazini, tangu asubuhi hadi jioni, kifua chake kilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Akisharudi, akaoga, akakaa mezani na kushika kijiko, ndipo kifua kilipoanza: kikohozi kikavu, cha kubisha hodi kwanza, halafu cha kuvunja mlango. Baada ya kikohozi ilikuja filimbi. Pumzi ilipita kooni kwa mluzi mwembamba, utadhani kuna mtu amejificha humo ndani anamwita mbwa wake.

"Nyumba hii ina kitu," alisema Fundi.

Hakuna aliyembishia. Hoja yake ilisimama kwa miguu yote minne, kama meza zake. Kazini hakohoi, nyumbani anakohoa. Basi mkosaji anaishi nyumbani.

Jina la Mviringo alipewa na wateja, si na wazazi. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mkereza miguu ya vitanda, aliyefariki akiwa ameshakereza miguu ya kutosha kulaza wilaya nzima. Mjomba alimwachia mashine yake ya kukereza na kauli moja: mti uzunguke, mkono utulie. Kijana aliishika kauli ile hadi akapitiliza. Alikereza miguu ya meza, nguzo za ngazi, michi, vipini, bakuli za matunda. Siku moja mama mmoja alimwomba sanduku. Alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Nenda kwa seremala, mama. Mimi sina kona." Habari zikafika sokoni kabla yule mama hajafika kwa seremala, na tangu hapo jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho.

Karakana yake ilikuwa nusu ya banda la mabati. Nusu ya pili ilikuwa ya mshona makochi aliyeitwa Sponji, na kati yao ulisimama ukuta wa plaiwudi usiofika juu. Kwa miaka kumi na tisa walizungumza juu ya ukuta huo bila kuonana, ila asubuhi wakifungua makufuli na jioni wakiyafunga. Kila mmoja aliijua sauti ya mwenzake kuliko uso wake.

Upande wa Fundi, unga wa mbao ulikaa kila mahali kama mpangaji wa siku nyingi. Utando wa buibui ulinenepa ukawa kamba. Chai aliyoagiza saa nne ilivaa ngozi nyembamba nyekundu kabla hajaigusa, naye aliinywa hivyo hivyo.

Wekundu huo ulikuwa wa mninga. Fundi alikereza mbao zote: mvule, msaji, mkangazi, na msonobari pale alipolazimika. Lakini hizo zilikuwa kazi. Mninga ulikuwa mapenzi. Ukiukata ungali mbichi unatoa utomvu mwekundu, kana kwamba umeumia kweli. Ukishakauka hauna kinyongo: haupindi, haupasuki, hauteti na patasi. Maranda yake yanatoka marefu, yanajikunja, yanamlalia fundi begani kama utepe, na ndani ya bakuli michirizi ya dhahabu na ya kahawia inaanza kukimbizana. Ikifika hapo Fundi alizima mota. Alipuliza unga uliobaki ndani ya bakuli, ukampanda usoni, kisha akaingiza pua na kuvuta pumzi ndefu, kama mtu anayenusa utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Umeshanusa?" Sponji aliuliza kutoka ng'ambo ya ukuta. Kimya kile alikijua.

"Nimenusa."

"Haya, rudi kazini. Wenzako wana wake, wewe una gogo."

"Mke ninaye."

"Wa Jumapili."

Mke wa Fundi alifundisha chekechea, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwamo. Miaka thelathini ya kusema na watoto wa miaka mitano ilikuwa imemwachia sauti moja tu, na aliitumia kwa wote: kwa muuza nyama, kwa diwani, kwa mumewe. Yeye alimwita mumewe Baba Pacha, kwa sababu ya mabinti wao mapacha walioolewa mbali. Vyumba vyao viliachwa vitupu, na kimoja, cha nyuma chenye dirisha la uani, alikikaa mama yake Mwalimu tangu alipofiwa na mumewe.

Bibi huyu alikuwa mwembamba, mkavu, na nyonga yake ya kulia ilikuwa imeshakata shauri kutoshirikiana na miguu. Kutwa alikaa mlangoni pa uani na kikopo cha ugoro. Alibana kidogo kwa vidole viwili, akanusa, akasubiri, akapiga chafya moja kubwa, kisha akamshukuru Mungu kwa sauti ya kawaida kama mtu anayejibu salamu. Yeye na mkwewe waliheshimiana hasa. Kwa miaka sita hawakuwahi kukaa kiti kimoja wala kutazamana machoni kwa zaidi ya salamu. Alimwita "baba", naye alimwita "mama", na kila mmoja alimsifia mwenzake kwa Mwalimu, maana kumsifia mtu mbele yake si adabu.

Kesi ya kikohozi ilianza na mto. Mto wa Fundi ulijazwa sufi, na sufi inajulikana. Mwalimu akaufumua akautupa. Fundi akalalia shuka iliyokunjwa, akakohoa. Ikafuata zamu ya paka. Paka alipelekwa kwa muuza duka wa barabara ya pili, akarudi. Akapelekwa kwa fundi cherehani, ng'ambo ya mto, akakaa. Fundi akakohoa. Mapazia yakashushwa, yakafuliwa, na kwa siku nzima wapita njia waliwaona wakila. Fundi akakohoa mbele yao.

"Nenda hospitali," Mwalimu alisema. "Ukifika, useme ukweli. Usione aibu."

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye foleni ndefu mlangoni. Alimwekea chuma baridi mgongoni, akasikiliza ile filimbi, akauliza:

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Nakereza mbao."

"Kuna vumbi?"

"Lipo. Lakini la mninga."

Daktari akainua macho. "Unamaanisha nini?"

"Namaanisha ni vumbi zuri. Si kama la barabarani."

"Mzee wangu, vumbi la mbao nzuri nalo ni vumbi. Zipo mbao zinazokaba kifua, na nyingine hazikabi papo hapo. Hebu pumzika wiki mbili, tuone."

"Nipumzikie wapi, daktari?"

"Nyumbani."

Fundi alicheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto. "Nyumbani ndiko ninakokohoa. Wewe ukiumwa na mbwa kwa jirani, utahamia kwa jirani?"

Daktari aliitazama foleni. Akampa dawa ya kupuliza mdomoni, akamwagiza avae barakoa kazini, arudi baada ya mwezi. Fundi alikuwa mtu wa kutii. Barakoa aliivaa kila siku, juu ya paji la uso, na ilimsaidia sana kwa jasho.

Ndipo akaanza kuwaza juu ya Jumapili.

Jumapili hakohoi. Alilichunguza jambo hili majuma kadhaa bila kumwambia mtu, kama mpelelezi. Jumapili anakaa nyumbani tangu kuche, ndani ya ukuta ule ule, kwenye kiti kile kile, na pumzi inaingia na kutoka kama mwenye nyumba. Kuna nini Jumapili kisichokuwapo siku nyingine? Au kuna nini siku nyingine kisichokuwapo Jumapili? Jumapili Bibi hayupo. Huchukuliwa asubuhi kwenda kushinda kwa dada yake, na kikopo chake mkononi, akarudi jua likizama.

Kwamba Jumapili karakana nayo inafungwa, hilo halikumjia. Mtu haulizi kama maji ndiyo yanayomlowesha samaki.

"Sponji," alisema Jumatatu, juu ya ukuta. "Nimempata."

"Nani?"

"Anayenikohoza. Sitaki kumtaja. Ni mtu wa heshima."

Sponji aliacha kugonga misumari. "Wahenga hawakukosea, bwana. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kweli kabisa," alisema Fundi, akakung'uta shati, likatoka wingu jekundu.

Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba anamkaba roho. Fundi alimwambia mkewe, chumbani, akizunguka mbali kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya mviringo. Alianza na tumbaku kwa jumla. Akapitia tumbaku ya kusaga. Akafika kwenye vumbi la tumbaku ya kusaga, na namna upepo wa uani unavyoingia ndani. Mwalimu alimsikiliza mikono ikiwa imefumbatana mapajani.

"Unataka kusema nini, Baba Pacha? Sema kwa sentensi moja."

"Ugoro wa Mama."

"Hiyo si sentensi."

Lakini alielewa, na kesho yake akamweleza mama yake alivyoweza, akichambua mboga asizozihitaji. Bibi alisikiliza. Akafunga kifuniko cha kikopo, taratibu, mpaka kikalia.

"Mkwe wangu ni mtu mzuri," alisema. "Hajawahi kunipandishia sauti. Kumbe hakuwa na pumzi."

Aliendelea kukaa mlangoni, kikopo mapajani, vidole vikikizungusha. Fundi aliendelea kukohoa. Wiki mbili zikapita, akakohoa hata uji ukawa unampoea mkononi, na usiku mmoja alikosa pumzi kiasi kwamba Mwalimu alimkalisha kitandani, akampepea kwa daftari la mtoto, akawa anamhesabia: vuta, moja, mbili, toa, moja, mbili. Asubuhi yake Bibi akaomba simu, akampigia mwanawe.

Alipomaliza alisema, "Jumamosi ya wiki ijayo kaka yako atakuja na gari kunichukua. Siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo pumzi yangu inagombana na pumzi ya mwenye nyumba."

Kaka yake Mwalimu alisambaza soda kwa pikapu, na aliishi ghorofa ya tatu katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa stoo ya mafagio. Mwalimu aliifahamu ile ngazi. Aliifahamu na nyonga ya mama yake, iliyokuwa ikigoma hata kwenye kizingiti. Siku hiyo hakutumia sauti ya darasani. Alimkuta mumewe akifunga kamba za viatu, akachuchumaa mbele yake, akasema kwa sauti ambayo Fundi hakuwa ameisikia tangu walipokuwa wachumba:

"Akipanda zile ngazi, hatashuka tena ila kwa kubebwa. Nataka tu ujue. Sikulaumu. Na wewe nakutaka uwe hai."

Fundi alifunga kamba ya kiatu cha kushoto mara mbili. Akaenda kazini.

Siku hiyo hiyo mota ikaungua. Ilikuwa mota iliyostaafu kwenye mashine ya kusaga nafaka, na haikuaga: ilitoa moshi wa bluu, ikanuka nywele, ikasimama, na bakuli la mninga likaendelea kuzunguka kwa mazoea mpaka likachoka. Fundi wa kusuka mota aliichukua, akasema ataileta Alhamisi ya wiki ijayo. Kwa hiyo Fundi Mviringo, kwa mara ya kwanza tangu mjomba wake azikwe, alikaa nyumbani siku za kazi.

Alijiandaa kwa mabaya. Alikaa sebuleni na dawa yake ya kupuliza kama askari na bunduki. Siku ya kwanza alikohoa jioni. Siku ya pili alikohoa kidogo. Siku ya tatu alikula chakula cha jioni mpaka mwisho, akaomba kuongezewa, na Mwalimu akabaki ameshika upawa hewani. Siku ya nne aliamka akasikia jambo geni chumbani: kimya. Alilala akakisikiliza kimya kile muda mrefu, mpaka akatambua kwamba ni yeye.

Hakufurahi. Mtu aliyeshinda kesi hapendi shahidi mpya. Alisema labda ni hali ya hewa. Alisema labda ni uji wa siku hizi. Halafu akasema, na hili lilimpa nafuu, kwamba bila shaka Bibi ameacha ugoro kwa kuona huruma, na ndiyo maana nyumba imesafika. Ilibaki kuthibitisha tu.

Akatoka uani. Bibi alikuwa mahali pake. Fundi akasimama upande, akiitazama kamba ya nguo, kama adabu itakavyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo unaonekana una shingo."

"Nimepata nafuu. Nimekuja kushukuru. Najua umejinyima kwa ajili yangu."

"Nimejinyima nini?"

"Kile... kikopo."

Bibi akakifungua kikopo. Kilikuwa kimejaa pomoni. Akabana, akanusa, akasubiri, akapiga chafya iliyoitikisa kamba ya nguo, akamshukuru Mungu.

"Nilijinyima wakati ule," alisema. "Mwanangu aliponiambia tu, niliacha. Zile wiki mbili zote unazokohoa, kikopo kilikuwa kitupu. Nilikuwa nakizungusha tu kuwadanganya vidole. Nikaona nimeacha na bado unakufa, nikasema basi si ugoro, ni mimi mwenyewe nilivyo, labda ni uzee wangu unaokukaba. Nikampigia kaka yake simu. Na siku niliyompigia ndiyo niliyoagiza ugoro mpya." Akafunga kifuniko. "Mtu akishahukumiwa, baba, kwa nini asifaidi kosa lake?"

Fundi aliendelea kuitazama kamba. Palikuwa na shati lake la kazi, lililofuliwa, na bado lina wekundu kwenye mishono. Akawaza: alipojinyima, nilikohoa. Alipoanza tena, nikapona. Alilipindua jambo hilo mkononi kama gogo, akitafuta upande wa kulianzia, na kila upande alioushika ulikuwa ule ule.

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Mgonjwa habishiwi."

Alhamisi mota ikaja. Sponji alimsaidia kuifunga, akashangaa kuona mwenzake hashangilii. Ijumaa, Fundi akachagua kipande cha mninga kilichokuwa bora kuliko vyote, akakiweka kwenye mashine, akakikereza kutwa. Hakuacha lolote. Alipuliza, akanusa, akapuliza tena. Hata chai yenye ngozi aliinywa. Kifua kikawa kimya kabisa mpaka saa ya kufunga.

Jioni hiyo Bibi hakuwapo; alikuwa kwa dada yake, kuaga, na kikopo chake ameondoka nacho. Fundi alikoga, akakaa mezani, akaweka mikono pande mbili za sahani, akangoja. Aliingoja pumzi yake kama mtu anavyomngojea mgeni aliyemwalika mwenyewe na anayeomba asije.

"Mbona huli?" Mwalimu aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Mgeni akabisha hodi. Mara moja, mara mbili, halafu akavunja mlango. Fundi alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Mwalimu aliyekimbilia dawa alidhani yote ni ya kikohozi.

Jumamosi asubuhi pikapu ilikuwa mlangoni kabla chai haijachemka. Shemeji alikuwa mtu wa haraka. Alizoea kupakua kreti huku gari likinguruma. Alikifungua kitanda cha mama yake vipande vipande, akakipakia. Akapakia godoro, sanduku, ndoo, kiti. Bibi alikuwa amevaa vizuri, amesimama kwa fimbo karibu na ukuta, akitazama vitu vyake vikipita kama vya mtu mwingine. Mwalimu alikuwa akifunga chakula cha njiani, akikifungua, akikifunga upya.

Fundi alisimama katikati ya njia, mahali ambapo kila mwenye mzigo alilazimika kumzunguka.

"Shemeji, pisha kidogo."

"Mama haondoki."

Alikuwa amesema kwa sauti ndogo, maana pumzi ya jana ilikuwa bado haijamrudia vizuri. Shemeji akazima injini ili asikie.

"Umesemaje?"

"Mama haondoki. Si ugoro. Haujawahi kuwa ugoro. Ni mninga."

Mwalimu akatoka na chakula mkononi. Sauti ya darasani ikamjia yenyewe. "Rudia, Baba Pacha. Sentensi nzima."

"Ninachokikereza ndicho kinachonikaba. Hakinikabi kule, kinangoja nifike nyumbani. Jana nimekipima. Mama alikuwa mbali, na mimi nilikuwa nakufa." Akavuta pumzi, ikapiga filimbi, wote wakaisikia. "Nimemsingizia mzazi wangu kwa ajili ya mbao. Na daktari aliniambia."

"Alikuambia lini?" aliuliza Mwalimu.

"Siku ile ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Nilimwona bado kijana."

Mwalimu alimtazama mumewe kwa muda ambao watoto wa chekechea huujua. Kisha akageuka, akaingia ndani, na chakula cha njiani akakirudisha sufuriani. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu yake, na Fundi aliielewa.

"Sawa," alisema shemeji, akijikuna kichwa. "Mama anabaki, nimefurahi, ile ngazi hata mimi inanishinda. Lakini nimeacha kazi, nimekuja na gari. Narudi na nini? Gari tupu lina nuksi."

Fundi akafikiri. Kule karakana, chini ya turubai, alikuwa na magogo mawili makavu ya mninga aliyoyatunza miaka saba, akiyangojea yawe tayari, au yeye awe tayari. Yalikuwa mazuri kiasi kwamba mara nyingine aliinua turubai ayatazame tu, kisha akalishusha kwa adabu.

"Pitia kwangu," alisema. "Umwambie Sponji akupe yaliyo chini ya turubai. Ufunguo ule pale. Utengeneze mlango, utengeneze chochote."

"Kweli?"

"Ila umwambie seremala wako avae barakoa. Puani na mdomoni. Asiivae kwenye paji."

"Nani anavaa barakoa kwenye paji?"

"Wapo."

Shemeji akapakua kwa haraka ile ile aliyopakia nayo. Akashusha sanduku, ndoo, kiti, godoro, na vipande vya kitanda akaviegemeza ukutani, mbavu za kitanda akazipanga chini na godoro juu yake, hapo hapo uani, maana alikuwa na kreti za kupeleka mchana. Akambusu mama yake, akawasha gari. Fundi alisikiliza injini mpaka kona, na baada ya kona akaendelea kusikiliza.

Alijaribu kurudisha vitu ndani. Alibeba ndoo, akapumzika. Alibeba kiti, akapumzika zaidi, akiwa ameshika mwimo wa mlango. Alipoushika ubao wa kichwani wa kitanda, filimbi ilianza, na Mwalimu akamnyang'anya.

"Kaa chini. Nakwenda kumwita Sponji. Usiguse kitu mpaka nirudi."

Akatoka. Fundi akabaki uani na mama mkwe wake. Pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu, godoro lile juu ya mbavu za kitanda, na Bibi alikuwa ameshalikalia, nyonga yake ikipumua. Fundi akasimama. Akaitazama kamba ya nguo.

"Sasa utakereza nini, baba?"

"Sijui, mama. Daktari atanitajia zipi zisizokaba. Kama zipo. Kama hazipo, nitajifunza kona."

"Kona si mbaya. Nyumba nzima ni kona."

Kikohozi kikaja. Kilimkunja mpaka magotini. Kilipompita, aliona mkono mkavu wa Bibi ukipigapiga godoro, upande mtupu.

"Kaa."

"Mama, siwezi. Mkwe na mama mkwe kitanda kimoja, tena uani, mchana kweupe. Mtaa utasema."

"Utasema nini? Utasema wamechoka." Bibi akasogea kidogo, akampisha. "Kaa, baba. Uvute pumzi."

Fundi Mviringo akakaa, ukingoni kabisa, magoti yakitazama upande mwingine. Akavuta pumzi; iliingia kwa shida, ikatoka kwa shida. Bibi alikuwa ameshika kikopo, hakukifungua. Wakakaa hivyo wakimngoja Sponji, na mtaa ukawaona, na mtaa ukasema.